Msamaha na Fidia: Neno kwa Walioumizwa Hospitalini



Mezani pa Tume yetu hufika malalamiko ya namna nyingi: mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, mishahara isiyolipwa, mifugo iliyolishwa katika mahindi ya jirani. Malalamiko ya watu walioumizwa hospitalini ni machache, na yakifika huwa yamekwisha kuchelewa. Mama mmoja alipasuliwa wakati wa kujifungua, na tangu siku ile tumbo halikumpa raha. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Akaambiwa ni mchango. Jirani akamnong'oneza kwamba ni mkono wa mtu. Mwaka wa tano alifunguliwa tena katika hospitali nyingine, na ndani kikakutwa kipande cha gozi, kile kitambaa cha kunyonyea damu, kilichosahauliwa siku ya upasuaji wa kwanza. Hospitali zile mbili hatuzitaji, maana si nia yetu kumwaibisha mtu. Alipoulizwa kama anakusudia kudai fidia, mama huyo alijibu kwamba amekwisha kumsamehe daktari, na zaidi ya hayo yaliyompata yalikuwa mapenzi ya Mungu.

Jibu hilo ni la mtu mwenye imani, nasi tunaliheshimu. Hata hivyo, maneno hayo mawili, msamaha na mapenzi ya Mungu, yamekuwa yakitumiwa miongoni mwetu kufunika mambo ambayo Mungu hakuyapenda kamwe, na kumnyima maskini kilicho haki yake. Ndiyo maana tumeona yatupasa kulisema jambo hili katika kijitabu hiki.

Tuanze na mapenzi ya Mungu. Ugonjwa humfika kila mwanadamu, na kifo vilevile. Hapo Mkristo huinamisha kichwa. Lakini gozi haikuwekwa tumboni na Mungu. Iliwekwa na mtu, kwa sababu njema, naye au mwenzake alipaswa kuiondoa. Katika chumba cha upasuaji kuna desturi ya kuhesabu: gozi, sindano na vyombo huhesabiwa kabla ya kuanza, na huhesabiwa tena kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, hesabu zikalinganishwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo ya kuhakikishwa katika kila upasuaji, na kuhesabu huko kumo. Kumo pia kuthibitisha jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kukata. Kazi hiyo haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji mtu anayehesabu kwa sauti na mwingine anayeandika. Hesabu isipofanyika, kumsingizia Mwenyezi Mungu ni karibu na kulitaja bure jina lake.

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 2007, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Wagonjwa wawili walibadilishana nafasi bila wao kujua: aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuja kutibiwa kichwa akapasuliwa mguu. Huyu wa pili alifariki baadaye. Nchi nzima ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Lakini kwa kila tukio linalofika magazetini, yapo mengine yanayobaki vijijini, kitandani, chini ya shuka, kwa mwanamke anayevuja mkojo kwa sababu kibofu chake kilikatwa wakati wa upasuaji na hakuna aliyemwambia.

Hatuna budi kusema upande wa pili pia, tusije tukawa wachochezi. Si kila tiba iliyoshindwa ni uzembe. Yoshua bin Sira anatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba (YbS 38:1), na sisi tuliozaliwa mikononi mwa wakunga wa zahanati tuna sababu nyingi za kutii agizo hilo. Kidonda chaweza kuingia wadudu ingawa kila kitu kilichemshwa. Dawa ya nusukaputi yaweza kumdhuru mtu mmoja kati ya wengi pasipo kosa la aliyeidunga. Mama aliyefika hospitalini amekwisha kutokwa damu saa nyingi njiani aweza kufa mikononi mwa daktari hodari. Sheria haimdai tabibu miujiza. Inauliza kama aliwajibika kwa mgonjwa huyo, kama alifanya yale ambayo tabibu wa kawaida mwenye ujuzi na cheo kama chake angeyafanya, na kama madhara yaliyompata mgonjwa yalitokana na kutofanya hayo. Yote matatu yathibitishwe. Palipo na kosa lakini hapakutokea dhara, hakuna fidia; palipo na dhara lakini hapakuwa na kosa, hakuna fidia pia, ila huruma na msaada wa jirani.

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa walitia sahihi au dole gumba katika fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji, mdomo wao umefungwa. La hasha. Ridhaa ile ni ya kupasuliwa kwa uangalifu, pamoja na hatari ambazo mtu ameelezwa. Hakuna aliyeridhia kusahauliwa gozi.

Sasa tuingie katika msamaha, maana hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Katika vijiji vyetu mbuzi wa mtu akila mahindi ya jirani, wazee huketi, hutazama hasara, na mwenye mbuzi hulipa debe kadhaa. Jumapili wote wawili hukutana kanisani na kupeana amani. Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba mwenye mahindi ametenda dhambi kwa kupokea debe zake, au kwamba kwa kuzipokea amekataa kusamehe. Iweje basi mahindi yawe na fidia, na tumbo la mama lisiwe nayo?

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili ni wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba ondoleo la sakramenti huifuta dhambi, lakini haliondoi uharibifu wote ambao dhambi imeuleta, aliyemdhuru jirani yake hana budi kufanya yanayowezekana ili kutengeneza alichoharibu (na. 1459). Sheria za Kanisa nazo zinasema kwamba yeyote aliyemtia mwingine hasara isivyo halali, kwa nia mbaya au kwa kosa lake, anawajibika kuifidia (kan. 128). Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kutubu. Alitaja kiasi, mara nne (Lk 19:8). Na katika kitabu cha Kutoka iko kanuni ya kale inayotugusa hasa: mtu akimpiga mwenzake, naye asife bali alale kitandani, mpigaji atamlipa kwa muda aliopoteza na kugharamia kuponywa kwake hata apone kabisa (Kut 21:18-19). Muda uliopotea na gharama za matibabu: ni yale yale ambayo mahakimu wa leo huyapima, pamoja na maumivu na ulemavu uliobaki. Sheria ya Musa ilikwisha kuyajua mambo haya.

Kusamehe ni kuacha chuki na kutomtakia mabaya aliyekukosea. Hilo ni tendo la moyo, na Bwana anatudai hilo sote. Fidia ni deni la haki. Mwenye kudai aweza kulisamehe deni pia kama akitaka, akiwa na hiari na akijua anachokiacha. Lakini asiambiwe na katekista, na mwenyekiti wa Jumuiya, wala na padre, kwamba amelazimika kulisamehe. Mama mwenye watoto wanne asiyeweza tena kushika jembe hana uhuru mkubwa wa kuacha, maana anachokiacha ni chakula cha watoto.

Wengine watatuletea waraka wa kwanza kwa Wakorintho, pale Paulo anapowakemea Wakristo wanaopelekana mbele ya mahakimu wasioamini (1 Kor 6:1-8). Tunalijua andiko hilo, na tunaomba lisomwe mpaka mwisho. Mtume anawauliza kama hakuna mwenye hekima kati yao awezaye kuamua, kisha anamalizia kwa kuwakemea walio dhalimu na wanyang'anyi wa ndugu zao. Wale wanaopenda kulitumia andiko hili kumnyamazisha aliyedhulumiwa hupenda kuachia katikati. Tena Paulo huyo huyo, alipoona haki yake inapotezwa, alikata rufani kwa Kaisari (Mdo 25:10-12).

Njia ya Bwana wetu katika Mathayo (Mt 18:15-17) inatufaa sana: kwanza mwendee mwenyewe, kisha pamoja na mashahidi wawili, kisha mbele ya wengi. Kwa mgonjwa maana yake ni hii. Aanze kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, aeleze kwa heshima, kisha aandike barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Aombe kuelezwa kilichotokea. Wagonjwa wengi tuliozungumza nao walitaka kwanza hilo tu, mtu wa kuketi nao na kuwaambia ukweli, na hasira yao kubwa ilitokana na kufukuzwa mlangoni. Hospitali ikikiri na kupatana naye, mapatano yaandikwe, na asitie sahihi kabla hajasomewa neno kwa neno na mtu anayemwamini.

Lakini wakati mazungumzo hayo yanaendelea, saa ya sheria inatembea. Wasomaji, tunawasihi msipite haraka hapa. Kwa sheria ya ukomo wa muda ya mwaka 1971 (Sura ya 89), madai ya madhara ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Ikipita, shauri hutupwa, hata kama gozi iko mezani na kila mtu anaiona. Na Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi hesabu hiyo. Tumeona watu waliozungushwa kwa maneno matamu, njoo mwezi ujao, bodi haijakaa, mhasibu yuko likizo, mpaka mwaka wa tatu ukaisha.

Ikiwa hospitali ni ya Serikali, uko mlango mwingine kabla ya mahakama: sharti itolewe kwanza notisi ya siku 90, na nakala yake ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, nazo ndizo zenye hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya. Kwa hiyo anayefikiri ana miaka 3 kamili ajihesabie pungufu.

Sheria ina huruma kidogo kwa baadhi ya watu. Kwa mtoto aliyeumizwa, labda wakati wa kuzaliwa, hesabu huanza anapotimiza miaka 18. Wazazi hata hivyo wasingoje, kwani mafaili hupotea na mashahidi huhama. Ukweli ukiwa ulifichwa kwa hila, hesabu huanza siku mdai alipoigundua hila hiyo, au siku ambayo angeigundua kwa kujitahidi ipasavyo. Waziri naye, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, aweza kuongeza muda, lakini usiozidi nusu ya ule wa kwanza. Fanyeni hesabu: miaka 3 na nusu yake ni miaka 4 na miezi 6. Mama yetu aligundua mwaka wa tano. Hakuna aliyemficha kwa hila, maana hata daktari hakujua. Wakili aweza kumtetea kwamba haki yake ilizaliwa siku gozi ilipoonekana, lakini njia hiyo ni nyembamba na yenye miiba.

Hapa tunasema wazi kwamba sheria hii imepungukiwa. Haiwezekani mtu akapoteza haki ambayo hakuwa na namna ya kujua kwamba anayo. Majirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao nayo ni ya miaka 3, wamempa hakimu uwezo wa kumruhusu mdai aliyechelewa kwa kuwa mambo ya msingi yalikuwa nje ya ujuzi wake. Katiba yetu yenyewe, katika ibara ya 107A, inaziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa walioathirika kutokana na makosa ya wengine. Walei walio wabunge, mawakili na maofisa wa wizara, na tunajua mpo katika parokia zetu, hii ni kazi yenu kuliko yetu.

Kinachofuata ni ushahidi, na ushahidi mkubwa ni faili. Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya taarifa zake. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 imeitia nguvu haki hiyo. Aombe kwa maandishi. Atunze kadi ya kliniki, cheti cha kuruhusiwa, picha za mionzi, risiti, hata tiketi za basi alizopanda kwenda kutibiwa. Siku akipasuliwa mara ya pili, ndugu wamwombe daktari aandike alichokikuta. Madaktari wengine husita kuandika jambo litakalomgusa mwenzao. Tunawaelewa, lakini ukimya huo ni uwongo kwa njia nyingine, na daktari Mkatoliki aukumbuke anapojiandaa kwa kitubio.

Tuongeze mambo mawili kwa haraka. Kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017, ni vema, kwa kuwa Baraza laweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta katika daftari. Lakini anayetaka fidia asidhani kwamba kwa kwenda huko amekwisha kufungua shauri. Na jihadharini na vishoka wanaozunguka mawodini wakiahidi mamilioni kwa malipo ya awali. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wapo, na Tume ya parokia iwajue kwa majina.

Sasa tunafika mahali panapouma. Kanisa lenyewe lina hospitali, na nyingine ni hospitali teule za wilaya zinazowahudumia watu wa dini zote. Zimejengwa kwa jasho la masista, la waamini na la wafadhili, na zimeokoa maisha yasiyohesabika. Mkristo aliyeumizwa ndani yake huona kwamba kudai fidia ni kumshtaki Askofu wake, na kisheria hakosei sana, kwa sababu mara nyingi mwenye mali ni bodi ya wadhamini ya Jimbo. Wako wanaomwambia kwamba atakuwa anachukua sadaka za maskini. Tunajibu kwamba maskini wa kwanza ni yeye. Sadaka ambayo imebaki katika sanduku kwa sababu mjeruhiwa amenyamazishwa haina harufu nzuri mbele ya Mungu. Hospitali ya Kanisa yapaswa kuwa ya kwanza kumwita mgonjwa na kumwambia kilichotokea kabla hajakigundua mwenyewe, ya kwanza kumtibu bila kumdai senti, na ya kwanza kuketi naye kuhusu fidia. Isijifiche nyuma ya miaka 3. Muda ule humfunga hakimu asimlazimishe mdaiwa kulipa. Mbele ya dhamiri deni liko pale pale. Tunapendekeza kwamba kila hospitali ya Jimbo itenge mfuko mdogo kwa ajili hiyo au ikate bima, na kwamba Halmashauri ya Walei iulize habari zake bajeti inaposomwa.

Wala tusiwageukie wauguzi kama adui. Tumeona wodi ambako muuguzi mmoja hukesha usiku na wagonjwa wanaotosha wauguzi watano, na baada ya saa kumi na mbili anaitwa chumba cha upasuaji kushika vyombo. Mtu aliyechoka hivyo atahesabu gozi tisa akiandika kumi. Sheria nayo imeona: mwajiri hubeba kosa alilotenda mfanyakazi wake akiwa kazini, ndiyo maana hudaiwa hospitali. Fidia ikimgusa mwenye hospitali mfukoni, huenda akaajiri muuguzi wa pili.

Gharama za kutafuta haki ni kubwa kwa mtu wa kijijini: nauli ya kwenda kufuata faili mara tatu, ada ya daktari bingwa wa kuandika maoni, wakili. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu huchanga upesi mtu akifa, na mchango wa msiba haujapata kukosekana. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya na wa WAWATA walizungumze katika mikutano ya mwezi huu, watafute kwa upole kama yupo miongoni mwao mwenye kidonda kisichopona tangu alipopasuliwa, wamwulize tarehe ya upasuaji, na wamchangie nauli akiwa hai. Kwanza apelekwe atibiwe. Mwenye fistula ajue kwamba hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wa namna hiyo bila malipo. Kisha majina ya wanaohitaji ushauri, kwa ridhaa yao wenyewe, yaletwe kwa katibu wa Tume katika ofisi ya parokia, pamoja na tarehe hiyo ikiwa imeandikwa wazi juu ya karatasi.